Tahadhari ya maporomoko itaje mteremko wenyewe

Mhariri,

Mvua zikikaribia, majirani zangu hapa Kitale huwaza mbegu na mbolea. Mimi humuwaza shangazi, ambaye nyumba yake iko chini ya genge katika Bonde la Kerio.

Nilifanya kazi miaka minne kwenye nyumba ya wazee huko Davos, Uswisi. Ni mji uliozingirwa na milima, na majira ya baridi watu huko husoma taarifa ya maporomoko ya theluji kama sisi tunavyosikiliza matangazo ya vifo. Hutoka saa 11 jioni, kisha saa 2 asubuhi. Hatari hupewa namba, 1 hadi 5. Kilichonigusa zaidi ni kwamba taarifa hutaja mteremko: ule unaotazama kaskazini, kuanzia kimo fulani kwenda juu, na sababu yake, labda upepo umerundika theluji mpya juu ya tabaka dhaifu.

Siku moja ya mapumziko, mama mmoja wa huko niliyekuwa naye zamu alinipandisha mlimani. Taarifa ilisema 3. Nikaona tatu kwa tano si mbaya. Akanikatiza: kwenye 3 ndipo wengi hufia, maana jua linawaka, theluji inapendeza na watu wanajipa moyo. Akachimba shimo kwa beleshi. Chini, theluji ya zamani ilikuwa chembechembe kama sukari. Juu yake ile mpya imeshikana kama ubao. Laza bati juu ya punje za mahindi mahali penye mwinamo, utaelewa. Uzito wa mtu mmoja unatosha kuiachia. Aliniambia kwamba kati ya kila watu 10 wanaonaswa, karibu 9 poromoko wameliamsha wenyewe au wenzao.

Hakukanyaga mteremko wowote wa zaidi ya digrii 30, wala kupita chini yake. Mahali fulani theluji ikatoa mngurumo mzito chini ya miguu yetu, kama mlango wa ghala ukifungwa. Hapo hapo tukageuka. Kila mmoja wetu alikuwa na kifaa cha redio kifuani cha kumtafutia aliyefukiwa, ufito mrefu wa kudungia theluji na beleshi, kwa sababu aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 mara nyingi hupona. Nusu saa ikipita, wengi wamekosa hewa.

Nusu saa! Novemba 2019, ardhi iliposhuka usiku huko Nyarkulian, Parua na Tamkal, Pokot Magharibi, barabara na madaraja yalikatika. Aprili 2020 ikawa Chesegon. Novemba 2025, Chesongoch. Nani angefika kwa nusu saa?

Udongo si theluji, najua. Wetu hushiba maji hadi ukaachana na mwamba. Lakini magenge ni yale yale na makorongo yana majina. Redio ikisema mvua kubwa itanyesha Bonde la Ufa, shangazi afanye nini na habari hiyo? Bonde hilo laanzia Turkana hadi Kajiado.

Ninaomba serikali za kaunti na wataalamu wa hali ya hewa watoe, kila jioni ya msimu wa mvua, taarifa inayotaja korongo kwa jina, iwe na namba ya hatari na sababu yake, kwa Kimarakwet, Kipokot na Kiswahili. Itoke kabla watu hawajalala. Wala tusingoje mitambo ya bei. Uswisi, pamoja na utajiri wake, bado ina watu wa kawaida vijijini wanaopima kina cha theluji kila asubuhi na kutuma namba. Mwalimu wa shule iliyo juu ya genge anaweza kusoma kipimo cha mvua na kupiga simu.

Kwa sasa shangazi anategemea kijito. Maji yakipungua ghafla huku mvua bado inanyesha, anajua huko juu kuna kitu kimeziba, basi anaamsha wajukuu watoke. Huenda kukitazama na tochi, peke yake, saa 8 za usiku.

Msomaji wako,
Kitale