Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Uhamiaji: tunaomba tarehe ya jibu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia mimi, mmoja wa waombaji wengi, ninayesubiri kibali cha mchumba wangu ili tufunge ndoa. Siombi upendeleo. Faili letu lichunguzwe kama mafaili mengine, na likikutwa na kasoro tuambiwe. Ninachoomba ni kimoja tu: mtu akishapokelewa maombi yake, aambiwe atajibiwa lini.

Fomu yenu inataka uthibitisho kwamba harusi imepangwa. Mwenye ukumbi hatoi risiti mpaka apewe tarehe. Msajili wa ndoa naye hatuandiki kwenye daftari lake mpaka akione kibali. Basi nikalipia ukumbi kwa tarehe ya kubahatisha, nikaambatanisha risiti. Siku ile ikafika, ikapita. Tukasogeza mbele, nayo ikapita. Mara ya kwanza mwenye ukumbi alituvumilia. Mara ya pili malipo ya awali yakapotea, na simlaumu. Kadi za mwaliko ziko ndani ya boksi chini ya kitanda. Zina majina yetu, majina ya wazazi, kila kitu isipokuwa siku. Mchapaji ndiye aliyeshauri tuache mstari mtupu, tuje tuujaze kwa kalamu.

Kuna na ushahidi wa uhusiano. Naelewa kwa nini mnautaka: ndoa za makaratasi zipo, na zinatuumiza hata sisi tunaopendana kweli, kwa kuwa kila mmoja wetu anaingia ofisini kwenu akiwa mtuhumiwa. Kwa hiyo tulichapa mazungumzo yetu ya simu ya miaka miwili, nami nikakaa sakafuni kuyapanga mwezi kwa mwezi. Nikafika kwenye usiku aliofariki mama. Mchumba wangu alikuwa mbali, hakuwa na la kusema. Aliandika "nipo". Baada ya nusu saa akaandika tena "nipo". Hivyo hivyo mpaka kukapambazuka. Ukurasa ule niliuweka kando, nikaurudisha, nikauweka kando tena. Mwishowe niliutia kwenye faili, maana sikuwa na ushahidi mwingine unaoupita huo. Mheshimiwa, mtu aliyewakabidhi kitu kama hicho hapaswi kuambiwa "linashughulikiwa" miezi 11 mfululizo, neno hilo hilo, kila anapopiga simu.

Na kusubiri huku kunagharimu. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema, hati ya kuthibitisha kwamba mtu hana ndoa nyingine, majibu ya vipimo vya afya: vyote vina muda wake. Tulipovileta vilikuwa vipya. Vikaisha muda vikiwa kwenye makabati yenu, kisha tukaandikiwa tulete vingine. Mchumba wangu akaomba ruhusa kazini upya, akapanga foleni upya kutoa alama za vidole, akamlipa upya mtafsiri aliyeapishwa kwa maneno yale yale na mhuri ule ule. Cheti kilichoisha muda kikiwa mikononi mwa ofisi, kwa maoni yangu, kihesabiwe kwa tarehe kilipopokelewa.

Kuweka ukomo si jambo la ajabu. Marekani inampa mchumba anayeingia kwa viza ya uchumba siku 90 za kufunga ndoa. Uingereza inatoa miezi 6. Wakubwa wameona kwamba mwombaji anaweza kubanwa na kalenda, nasi tunakubali kubanwa. Lakini kalenda iibane na ofisi. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia za wageni wanaoishi humo kihalali, uliandika kwamba jibu litoke ndani ya miezi 9 tangu maombi kuwasilishwa, isipokuwa pale penye ugumu wa pekee. Tena Ibara ya 16 ya Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema wazi kwamba watu wazima wana haki ya kuoana na kujenga familia.

Najua maofisa wako wana mafaili mengi kuliko mikono. Nimewaona wakifanya kazi saa ya chakula. Ndiyo maana sisemi tujibiwe kesho. Hata mkituambia miezi 14, tutashukuru. Nitamwambia mwenye ukumbi, ndugu wataomba likizo, na mchumba wangu atajua akate tiketi lini. Hata jibu la "hapana" lenye tarehe lingetuwezesha kukata rufaa au kupanga kuishi kwingine.

Cheti cha polisi cha pili kinaisha muda wiki tatu zijazo. Naomba mtu alifungue faili letu kabla ya hapo.

Wako mtiifu,
Mwombaji