Kabla Dada Hajapanda Mashua ya Mokowe

Simu nyingi zinazoingia ofisini kwetu hapa Langoni, Lamu, tunapowatafutia watu wafanyakazi wa nyumbani, huanza hivi: "Nitafutie msichana, awe mwaminifu, ajue kupika, namtaka kesho." Nami huuliza, mama, kazi yenyewe ni ipi? Jibu huwa fupi: "Kazi za nyumbani tu."

Hilo "tu" ndilo limenirudishia wafanyakazi wengi kuliko wizi au uvivu.

Mwaka mmoja, Ramadhani ikiwa karibu kuandama, nilimpeleka binti kutoka Mpeketoni kwenye nyumba moja ya Mkomani. Niliambiwa anatakiwa yaya wa mtoto wa miezi minane. Kumbe nyumba ilikuwa na watu kumi na mmoja, jiko liko juu darini, na maji ya bomba hayapandi mpaka huko. Binti akawa anapandisha ndoo na mtoto yuko mgongoni kwenye mbeleko. Alasiri anakunja sambusa, magharibi anaandaa futari, saa tisa za usiku anaamshwa apashe daku. Siku ya sita alifunga mkoba wake akashuka gatini, akaondoka na mashua ya kwanza ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara. Mwenye nyumba alinilaumu kwamba nimemletea mvivu. Mimi najua kosa lilikuwa langu: sikwenda kuiona nyumba.

Tangu siku ile simpeleki mtu kwenye nyumba ambayo ngazi zake sijazipanda mwenyewe. Wenyeji wa Lamu tumezoea nyumba zetu za mawe hata hatuoni hatari zake. Ngazi ni za kusimama wima na nyingi hazina pa kushika, ukingo wa dari ni mfupi, kisima kiko uani na kifuniko chake mara kipo mara hakipo. Binti aliyelelewa shambani huko bara, Hindi au Witu, hajawahi kumchunga mtoto anayetambaa mahali kama hapo, wala hajui kujibana ukutani na mtoto pale punda waliobeba mawe wanapopita kichochoroni. Anaweza kujifunza, lakini apewe wiki ya kuonyeshwa, na mama mwenyewe awepo.

Nikifika nyumbani kwako, basi, nitauliza mengi. Mnalala wangapi? Nani anafua, na kwa mikono au kwa mashine? Kuna mzee wa kuogeshwa na kugeuzwa kitandani? Kumtunza mzee ni kazi kamili, na ukiichanganya na ulezi wa mtoto mchanga, mmoja kati yao atakosa haki yake. Nitauliza pia habari ya siku ya kupumzika, maana wasichana wengi wa upande wa Mpeketoni ni Wakristo na wanataka Jumapili yao, na huenda nyumba yako ikawa na wageni siku hiyo hiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku moja katika kila siku saba. Siku gani, hilo mnapatana mapema.

Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na inampa likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka. Asiyejua kusoma anaelezwa mkataba kwa lugha anayoielewa, kisha anaweka alama ya kidole mbele ya shahidi asiyekuwa mwajiri. Shahidi huyo mara nyingi huwa ni sisi. Na sahani iliyomteleza mkononi haikatwi kwenye mshahara: sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa makusudi.

Kitambulisho chake usikifungie kabatini. Sisi tunakupa nakala pamoja na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, kitambulisho chenyewe kinabaki kwake. Aliye chini ya miaka 18 hatumpeleki popote, hata mzazi wake akituomba.

Jambo jingine linaniuma. Bado nasikia watu wazima wakimwita mfanyakazi "kijakazi" mbele ya watoto. Mji huu uliwahi kuwa na watumwa, na neno hilo linatoka huko. Mwite dada, au mwite jina lake. Mtoto unayemwachia mchana kutwa anasikiliza vile unavyomwita.

Ada yetu hulipwa na mwajiri mara moja, mfanyakazi hatoi hata shilingi. Wasipoelewana ndani ya miezi mitatu tunatafuta mwingine bila malipo mapya, ila kwanza tunakaa na pande zote mbili, kila mmoja peke yake.

Anayetaka mtu wa kumsaidia Ramadhani aje Rajabu, miezi miwili kabla. Shaabani ikifika katikati, wasichana wazoefu huwa wamekwisha kuchukuliwa, na siku zinazobaki hazitoshi kuja kuzipanda ngazi zako.