Ile adapta uliyoondoka nayo

Mwanga, Kigoma
Jumapili usiku

Swahiba yangu Mrisho,

Assalaam alaykum. Hali ya huko? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, dagaa wamepanda bei, na mama yako nilimwona Ijumaa Ujiji. Goti linamsumbua ila mdomo uko vilevile, alinisema mbele za watu kwamba nimenenepa. Salamu zinatosha, mengine utayasikia kwa Kassimu akipita huko na treni.

Miezi minane sijakuandikia, na wewe hujaniandikia, kwa hiyo asiwepo wa kumnunia mwenzake. Leo nina shida. Ile adapta ya PS2, mashine yetu ya gemu, ile nyeusi yenye maandishi ya volti 8.5, unayo wewe. Usikatae. Mdogo wako kaniambia kaiona sebuleni kwako inaendesha redio. Uliipakia na vyombo siku ile unahama, mimi nikabaki na mashine isiyo na pumzi. Nikaiweka juu ya kabati, nikaifunika kitambaa cha meza, ikalala huko miaka.

Sasa nimeiamsha. Iko ndani ya Noah.

Ndiyo, ndani ya gari. Cheka umalize kisha endelea kusoma. Najua nusu ya mashine ni yako, lakini tangu uhamie Tabora hujawahi kuuliza nusu yako inakula nini, basi na mimi sikuuliza ruhusa.

Ilikuwa hivi. Unajua nabeba watoto wa shule, saba, kutoka Gungu na Katubuka. Mwezi wa kwanza akatokea mwenzangu mmoja kafunga kioo cha katuni kwenye gari lake, na ndani ya wiki mbili kaninyang'anya watoto wawili. Wazazi hawakuwa na neno na mimi, watoto wenyewe ndio waliogoma. Mtoto wa miaka saba ananiambia "gari lako halina kitu." Halina kitu! Gari nimelipia bima, matairi mapya, yeye anataka paka na panya. Nikasema sawa, wewe una katuni ya kutazama, mimi nitaleta ya kucheza. Nikapanda juu ya kiti, nikaishusha PS2 yetu.

Nikampelekea fundi umeme wa magari, jina nalihifadhi, maana bado tunasalimiana msikitini. Nikamwambia adapta haipo, iko Tabora. Akageuza mashine, akasoma 8.5, akatazama betri ya gari, akasema, "Kumi na mbili na nane na nusu ni ndugu." Mrisho, ni ndugu gani hao? Akaunga moja kwa moja. Na injini ilikuwa inaunguruma, kwa hiyo haikuwa hata 12. Altaneta ikichaji ni 14 na kidogo. Taa ya kijani ikawaka, nikapiga makofi, makofi hayajaisha taa ikazima. Puu. Harufu ile unaijua, ya ile siku ya pasi ya Mama Zai.

Nilikaa kwenye siti kama nimefiwa. Nikajisemea nitamwambia nini Mrisho. Ndiyo maana sikukuandikia siku ile, nilitaka kwanza nijue kama ni maiti au mgonjwa.

Ikawa mgonjwa. Yule dogo anayetengeneza simu karibu na soko la Mwanga, mpwa wa Mzee Ruta, akaifungua akakuta kumbe ndani ya bodi kuna vifyuzi vidogo kama punje ya mchele, na kimoja ndicho kilichojitoa mhanga. Akakibadilisha. Kisha akanipa somo ambalo lile jamaa la kwanza lilipaswa kulijua. Adapta yetu inatoa volti 8.5 na ampea 5.65, zidisha, wati 48 hivi kwa juu kabisa. Si mashine kubwa. Mwenzangu wa katuni alinishauri ninunue inveta; dogo akacheka. Inveta inachukua 12 ya betri inaipandisha mpaka 220, halafu adapta inaishusha tena mpaka 8.5. Yaani unataka kwenda Bangwe unapitia Kasulu, na kila kituo umeme unapotea kwa joto. Akaniwekea kibao kidogo cha saketi cha kushusha volti, kina skrubu ndogo, unaizungusha huku umeshika testa mpaka isome 8.5 kamili. Cha kwanza kilikuwa cha ampea 5, kikawa kinaunguza kidole. Tukaweka kikubwa zaidi chenye mabati ya kupoozea, kimetulia.

Tena tumebahatika. Namba ya mashine yetu inaanzia 7. Zile za mwisho, za 9, zina adapta tumboni, zenyewe zinataka umeme wa ukutani tu. Ungekubali ile uliyoonyeshwa Kariakoo tungekwama. Nakumbuka uliikataa kwa sababu ilikuwa na mkwaruzo, si kwa akili.

Jambo lililonitisha zaidi si gemu kuungua. Fundi wa kwanza aliweka fyuzi, ndiyo, lakini aliiweka nyuma kabisa, chini ya siti ya watoto, na waya usio na fyuzi ukitoka kwenye betri unapita kwenye matobo ya bati mpaka huko. Dogo akaniuliza, waya huu ukichubuka hapa mbele ukagusa bodi ya gari, fyuzi iliyoko nyuma itasaidia nini? Nikakosa jibu. Umeme unakimbilia kwenye bati kabla haujaiona fyuzi. Mrisho, mimi nabeba watoto wa watu. Usiku ule sikulala, nilitoka mara mbili kwenda kufungua boneti na tochi, mke wangu akadhani nina mtu nje. Sasa fyuzi iko shubiri moja kutoka kwenye betri, ya 7.5, na kila tobo lina mpira. Wewe ndiye uliyesomea umeme, niambie kama inatosha au kuna kitu sijakiona. Nitarudi hapo.

Kioo ni cha inchi 7, kimefungwa nyuma ya siti yangu, mimi sikioni hata nikigeuka. Nimekuwa dereva wa redio, nasikia goli bila kujua kafunga nani. Na yule mtangazaji Mjapani wa gemu yetu ya mpira bado yumo! Watoto wote saba wanajua kumwigiza. Juzi dada mmoja wa Katubuka kaniuliza mwanawe anasoma lugha gani hii.

Taabu hazikuisha. Kwanza mluzi. Gari likisimama kimya, ukikanyaga mafuta mluzi unapanda kwenye spika pamoja na injini, wiiiii, kama nzi ndani ya chupa. Ni altaneta. Kioo na mashine kila kimoja kilikuwa na waya wake wa hasi umefungwa mahali pake. Tukavihamishia vyote kwenye bolti moja, mluzi ukapungua, umebaki wa kusikia ukiutafuta. Pili, ukipiga stata volti inaanguka, mashine inazima na kuanza upya. Kwa hiyo amri ya gari ni kwamba gemu haiwashwi kabla ya injini. Tatu ni diski. Lami ikiisha tukaingia kwenye makorongo, lenzi inacheza, na diski inatoka na duara limechongwa kama kwa bikari. Zimekufa mbili, moja ni ile ya mbio za magari uliyonikataza hata kumwazima Kassimu. Pole.

Sasa hatutumii diski. Dogo katia programu kwenye memori kadi, gemu zinakaa kwenye flashi. Tundu la flashi la mashine hii ni la zamani, linavuta polepole, kwa hiyo zile video za mwanzo zinakwamakwama, lakini mpira wenyewe unachezeka. Na usishtuke, kadi yetu ya zamani sijaigusa, programu iko kwenye kadi nyingine. Ligi yetu ipo, msimu wa kumi na nne, na bado sijasahau ulivyomuuza kipa wangu nilipokwenda chooni.

Kutoka Gungu mpaka shuleni ni mechi mbili za dakika tano kila kipindi, foleni ikiwepo. Pedi mbili, watoto saba, sheria ni ileile ya kibanda chetu cha gemu cha zamani, anayefungwa anapisha. Kuna kabinti kadogo, ka darasa la pili, hakajapisha tangu Jumatano. Kanawafunga wavulana wakubwa huku kanakula andazi. Wale wawili walionikimbia wamerudi, na mmoja kaja na binamu yake, nikakataa, siti hakuna.

Wazazi wamegawanyika. Kuna baba kaniambia mwanawe zamani aliamshwa kwa maji, siku hizi saa kumi na mbili kasoro yuko barazani na begi. Mama mwingine, na huyu ndiye anayenikosesha raha, kasema nimewageuzia watoto gari kuwa kibanda cha gemu, na kwamba sisi wawili anatukumbuka vizuri, wewe na mimi, tulivyokuwa tunakula ada za twisheni pale kibandani. Nikanyamaza. Ningejibu nini, ni kweli. Mwalimu naye kalalamika, gari linafika getini mtoto hashuki, anang'ang'ania mlango, "Mwalimu, dakika ya themanini!" Nimeweka swichi chini ya usukani. Tukifika kwenye kona ya mwisho kabla ya geti nazima, wanalia kwa pamoja, wanashuka. Kwangu hiyo inatosha. Kuiondoa kabisa sitaki, maana ndani ya gari siku hizi hakuna anayempiga mwenzake wala anayefungua dirisha kutoa kichwa. Lakini yule mama maneno yake yananirudia.

Aibu nyingine nikwambie mwenyewe kabla Kassimu hajakwambia. Alhamisi moja niliwaacha wanacheza kivulini, shule ina mkutano wa wazazi, injini imezimwa, kwa muda wa saa tatu nzima. Betri yangu ni NS60, ampea-saa 45 ikiwa mpya, na yangu si mpya. Mashine na kioo kwa juu kabisa wanakula kama ampea 5. Zidisha mwenyewe. Nilipopiga stata ikasema tik. Wazazi waliotoka kwenye mkutano, pamoja na yule mama, ndio walionisukuma mpaka barabarani. Yeye alisukuma huku ananihutubia.

Sasa turudi kwenye adapta. Kichwa cha waya nilichonacho ni cha kubahatisha, kimetoka kwenye chaja ya kitu kingine, kinacheza ndani ya tundu. Shimo moja la barabarani, mashine inazima, watoto saba wananiangalia mimi kana kwamba nimechimba shimo. Kichwa kinachokaa sawasawa ni cha adapta ile. Nataka kukata waya wake, niunge kwenye kibao changu cha kushusha volti. Ikikatwa hairudi, ndiyo maana nakuomba badala ya kumtuma mdogo wako akuibie. Redio nitakununulia adapta yake, ya volti 9, inayoifaa, maana hata hiyo redio unaionea.

Mpe Kassimu, au mtu yeyote wa treni unayemwamini, nami nitakurudishia kwa njia hiyohiyo migebuka mikavu na dumu la mawese. Asali usiniletee, ile ya mwisho ilimwagika kwenye begi la mtu na nikalipa shati.

Haya nijibu. Je, utakubali niikate? Ile pedi ya tatu, yenye kitufe kilichozama, uliondoka nayo pia au ilipotelea wapi? Fyuzi ya 7.5 shubiri moja kutoka kwenye betri, unaridhika, au niongeze nyingine kwenye waya wa kioo? Unadhani nimfuate yule mama nizungumze naye, au nimwache? Na wewe unakuja lini? Ukija mwezi wa sita utapanda mbele, siti ya pembeni, lakini ujue kale kabinti kanasubiri, nimekaambia kuna mzee mmoja Tabora anajiita bingwa.

Nimeishiwa karatasi na taa imeanza kupepesa.

Wako,
Hamza wa Noah

Nilisahau: mama yako anauliza kama ulipata zile dawa za mitishamba. Nimemwambia ndiyo. Ulizipata?