Mdogo wangu, kasome uzamivu, ila nenda na swali lako

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka Tabora. Huku wote wazima, baba amerudi kutoka porini salama na asali ya safari hii ni nyingi. Ulinipigia simu ukataka nikuambie bila kukuficha: ukubali nafasi ya shahada ya uzamivu ya biokemia na tiba ya molekuli, au uanze kutafuta ajira? Nilikujibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa zamu. Jibu refu naliandika hapa mbele ya watu, maana wapo wadogo zangu wengine waliomaliza uzamili na wanajiuliza hilohilo.

Nenda. Ila usiende kwa sababu ufadhili umepatikana, wala kwa sababu ya kuitwa daktari. Ufadhili mara nyingi huja na swali la mtu mwingine, na miaka ya katikati, pale majaribio yanapogoma, swali la mtu mwingine halikuamshi asubuhi kurudi maabara. Nenda na lako. Na mimi naona lako liko huku kwetu, kwenye miombo.

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Anakuja mrina asali kutoka upande wa Ugalla. Homa haikatiki, kichwa kinamuuma, kipimo cha malaria hakioni kitu. Unachukua tone la damu mbichi, unaliweka kwenye slaidi, unalifunika, unaliweka chini ya hadubini. Chembe nyekundu zimetulia. Halafu kona moja zinaanza kusukumwasukumwa, bila upepo, bila mtu kugusa meza. Unafuata ule msukosuko na unamkuta: mwembamba, anajinyonganyonga, hatulii mahali. Tripanosoma. Ni malale hiyo, ugonjwa wa usingizi, na aliyeileta ni ndorobo, inzi anayenyonya damu.

Hadubini inakuishia hapo. Kimelea hiki, Trypanosoma brucei rhodesiense, kina ndugu yake anayeitwa Trypanosoma brucei brucei, anayeishi kwenye damu ya ng'ombe na wanyamapori. Waweke wote wawili chini ya lenzi, hata mtaalamu wa miaka mingi hatawatenganisha kwa macho. Lakini yule wa ng'ombe akiingia mwilini mwa mtu, anakufa. Huyu mwingine anaishi, anazaana, na ndani ya wiki au miezi anafika kwenye ubongo. Kuna nini kati yao?

Damu yetu ina protini iitwayo APOL1. Inasafiri ndani ya chembe za mafuta za HDL, imefuatana na protini nyingine inayoshika himoglobini. Tripanosoma anaitaka himoglobini hiyo, kwa hiyo anaimeza chembe nzima, kama panya anavyokula dagaa aliyetiwa sumu. Ikishafika kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea chakula ndani ya kimelea, penye asidi, APOL1 inatoboa utando, na kimelea kinavimba mpaka kinapasuka. Ndiyo maana nagana ya ng'ombe si ugonjwa wetu. Rhodesiense yeye ana jeni ya ziada inayoitwa SRA. Mwaka 1998 watafiti wa Brussels waliichukua jeni hiyo wakampa kimelea wa ng'ombe, naye papo hapo akaweza kuishi kwenye damu ya mtu. Mwaka 2003 maabara hiyohiyo ikaonyesha kwamba muuaji aliyemo kwenye damu yetu ni APOL1, na kwamba protini ya SRA humdaka mkiani asiweze kufanya kazi.

Usiishie hapo, maana utamu wa fani yako unaanza sasa. Mwaka 2010 wanasayansi wa Marekani walikuwa wanatafuta kwa nini Wamarekani weusi wanaugua figo kuliko wenzao. Walichokikuta ni APOL1. Kuna aina zake mbili, G1 na G2, zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Ile ya G2 imebadilika mkiani, palepale SRA inapodakia, kwa hiyo rhodesiense hawezi kuizuia. Anayerithi nakala mbili za aina hizi, moja kwa baba na moja kwa mama, hatari yake ya kuugua figo inapanda. Kinga dhidi ya mdudu wa porini inalipiwa kwenye figo, vizazi baada ya vizazi. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilishindwa kuweka karatasi chini. Ndorobo na kitanda cha kusafishia damu ni habari moja, na uzi unaoviunganisha ni protini.

Kuhusu dawa unajua. Malale ikishafika kwenye ubongo, kwa miongo mingi tegemeo lilikuwa melarsoprol, dawa ya mwaka 1949 yenye aseniki ndani yake. Inaunguza mishipa, na karibu wagonjwa 5 kati ya 100 waliuawa na dawa yenyewe. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuunga mkono fexinidazole, vidonge vya kumeza, kwa malale ya rhodesiense pia, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye mwongozo wake. Utafiti uliofungua njia hiyo ulifanyika Malawi na Uganda. Nilifurahi sana. Nilitamani pia jina la Tabora liwemo.

Wagonjwa siku hizi ni wachache, na ugonjwa wenye wagonjwa wachache husahaulika haraka. Lakini ng'ombe wanaingia hadi ndani ya misitu ya Urambo na Kaliua, warina asali wanakaa porini wiki kwa wiki, na ndorobo yupo. Kati ya tripanosoma waliomo kwenye damu ya ng'ombe hao, wangapi wana SRA? Hilo halijibiwi kwa hadubini. Linajibiwa kwa PCR, kipimo kinachonakili kipande cha DNA mpaka kionekane, na kwa mtu aliye tayari kukaa nalo.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye karatasi ni miaka mitatu au minne. Siku nyingi utakuwa unachuja DNA, unaweka PCR, unasubiri mstari utokee kwenye jeli, na hautokei. Vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, vinaagizwa nje na vinatakiwa vifike na ubaridi wao. Kabla ya kusaini chochote, uliza kuhusu friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri: umeme ukikatika usiku wa Jumamosi, jenereta anaiwasha nani? Sampuli za miaka miwili zinaweza kuharibika kabla ya Jumatatu.

Msimamizi mchunguze kama familia inavyomchunguza mchumba. Ongea na wanafunzi wake, hasa walioondoka kabla ya kumaliza. Ukiwa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, au Chuo Kikuu cha Sokoine, au hata ng'ambo, hilo halibadiliki.

Kibali cha maadili utakiomba NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, anza mapema. Na kama sampuli zitatoka nchini, mkataba wa kuzihamisha usome mwenyewe, mstari kwa mstari. Wanaozichukua wawajibike kukupeleka wewe pamoja na sampuli, ukajifunze hiyo mashine na uchambuzi wake. Damu ya ng'ombe wa Kaliua isiende peke yake, halafu wewe ukasubiri kutumiwa majedwali kwa barua pepe. Hapo usiwe mpole.

Mambo ya nyumbani tuachie sisi. Posho ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi, usiigawe. Ada ya mdogo wetu nimeshapanga na kaka.

Baba anauliza kusoma huku kunaisha lini. Hakuulizi kwa ubaya. Unajua mwenyewe kwamba haendi porini na shati la bluu, maana rangi hiyo huwaita ndorobo, amerithi hilo kwa wazee wake, na mitego ya ndorobo ya wataalamu inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu hiyohiyo. Anaelewa utafiti kuliko unavyodhani.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, niandikie swali lako kwa sentensi mbili za Kiswahili, nimsomee. Akilielewa na akakuuliza la pili, jaza. Asipolielewa, nipigie tulichonge upya kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Dada yako,
Tabora