Kilimanjaro: mbona msitu wangu haufanani na wa kwenye picha?

Swali hili hutufikia kila msimu, na karibu kila mara anayeliuliza alipandia njia ya Rongai. Alikuwa amejiandaa kuona msitu wa ukungu na miti yenye ndevu. Akakuta misonobari ya kupandwa, kipande chembamba cha msitu, kisha vichaka vikavu. Njia haikuwa na kasoro. Alipandia kaskazini, na pepo za Bahari ya Hindi humwaga sehemu kubwa ya mvua yao upande wa kusini.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kuuliza una siku ngapi, tunauliza unataka kuona nini.

Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, lakini kwenye mlima huu maji nayo yana usemi mkubwa. Geti la njia ya Machame, upande wa kusini, liko karibu mita 1,800, pale migomba na mibuni inapoishia. Ukilipita tu unazama kwenye msitu wa mikulo na mipodo, unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Zile ndevu zinazoning'inia ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Chini yake, kando ya njia, kuna ua dogo jekundu na njano lililopinda kama mkonga wa tembo, nalo haliko popote pengine duniani. Wengi hulipita wakiangalia tope. (Mianzi usiisubiri: tofauti na Mlima Kenya na Meru, hapa haina ukanda wake.)

Kufikia mita 3,000 hivi miti mirefu inaisha na vichaka vya erika vinaanza. Baridi siyo sababu pekee. Moto umeusukuma msitu chini mara nyingi, na ule wa Oktoba 2020 uliteketeza eneo kubwa la vichaka hivyo. Kwa hiyo wavutaji sigara mtusamehe, tutawafuata nyuma.

Halafu kambi ya Barranco, karibu mita 3,900. Hapa ndipo tunapochelewa makusudi. Mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda, na seneshio, mimea mirefu kuliko mtu, imesimama tu. Haiangushi majani yake yaliyokauka. Huyavaa shinani kama blanketi. Ukiyabandua upate pa kukalia, umeivua nguo, na waongozaji wetu hawalikubali hilo. Lobelia jirani yake hufunga majani usiku kuzunguka chipukizi. Maji yaliyotuama kati ya majani huganda juu tu, chini yakabaki maji, na chipukizi likapona.

Juu ya mita 4,000 ni vishungi vya nyasi na kuvumwani kwenye mawe. Kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu hakuna kitu. Hata hivyo ua moja la jamii ya alizeti limewahi kukutwa ndani ya kreta ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, karibu na mianya inayotoa mvuke.

Waliopandia Rongai hawaukosi msitu kabisa, kwa kuwa hushukia njia ya Marangu. Ila wanaupita siku ya mwisho, magoti yakiwa yameshasalimu amri. Anayetaka kuutazama akiwa na nguvu zake, tunampangia njia ya Machame au Lemosho. Aje na koti la mvua, hata kama ni kiangazi.