Barua ya wazi kwa Waziri wa Sayansi na Elimu ya Juu: njia ya vyuo kwenda ng'ambo si bili ya mwezi

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KIUNGO CHA KIMATAIFA CHA MTANDAO WA UTAFITI NA ELIMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhandisi wa mitandao, na miaka yangu mingi ya kazi nimeitumia kuhudumia vyuo vikuu. Nina ombi moja. Kwenye makadirio ya matumizi, njia inayounganisha mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti na mitandao ya wenzao ng'ambo huwekwa fungu moja na umeme, maji na simu. Naomba itolewe huko, ihamishiwe kwenye miundombinu ya utafiti, pale zilipo maabara na darubini. Mengine yote nitakayoandika ni sababu za ombi hilo.

Najua swali la kwanza la watu wako wa fedha: kwani vyuo havina intaneti? Vinayo, na kwa barua pepe, mihadhara ya video na usomaji wa kawaida inatosha. Kampuni za intaneti hupanga mitandao yao zikijua kwamba maelfu ya watu watatumia kidogo kidogo, kila mmoja kwa saa yake. Mtafiti hana matumizi ya namna hiyo. Anaweza kukaa wiki nzima bila kutuma kitu cha maana, kisha usiku mmoja akahitaji kusafirisha data za jenomu au za hali ya hewa zinazojaza diski kadhaa. Terabaiti 1 kwenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua takriban saa 22. Kwenye njia ya gigabiti 10 huchukua chini ya robo saa. Na hapo nimehesabu njia iliyo tupu, isiyopoteza hata pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data.

Kwenye hilo la kupotea kwa pakiti naomba uniazime muda wako, maana ndipo fedha za umma zinapopotelea bila mtu kuona. Kompyuta mbili zinapotumiana data kwa utaratibu wa TCP, mtumaji hutoa kiasi fulani, kisha husubiri mpokeaji athibitishe kuwa amepata. Pakiti ikipotea, mtumaji hudhani njia imesongamana. Anapunguza kasi mara moja, halafu anaipandisha tena taratibu, hatua moja kwa kila uthibitisho unaorudi. Kompyuta hizo zikiwa mji mmoja, uthibitisho hurudi ndani ya milisekunde moja au mbili na kasi inarejea kabla mtu hajatambua. Lakini mwanga ndani ya fiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na hakuna waziri wala mhandisi atakayeuongezea mwendo. Mkongo, yaani waya mkubwa wa fiba, wa kilomita 10,000 unadai milisekunde 100 kwenda na kurudi, na kila hatua ya kupandisha kasi inazisubiri. Wahandisi wa ESnet, mtandao wa utafiti wa Wizara ya Nishati ya Marekani, wameeleza kisa cha ruta, kifaa kinachoelekeza data njiani, iliyokuwa ikiangusha pakiti 1 kati ya 22,000. Ruta haikuripoti hitilafu yoyote, na waliokuwa karibu nayo hawakuhisi kitu. Waliokuwa mbali, kasi yao iliporomoka hadi sehemu ndogo tu ya uwezo wa njia.

Kuna na hili la pili. TCP ya asili iliruhusu baiti 65,535 tu kuwa safarini kabla ya uthibitisho kurudi. Kwa njia ya milisekunde 100, hiyo ni kasi ya takriban megabiti 5 kwa sekunde, hata kama umelipia gigabiti 10. Marekebisho ya kuongeza kiasi hicho yalichapishwa mwaka 1992 na mifumo ya leo inayo, ila fayawoli (kizuizi cha ulinzi wa mtandao) iliyowekwa katikati bila uangalifu inaweza kuyafuta kimyakimya. Nimeona chuo kikilipia uwezo mkubwa huku watafiti wake wakiendelea kubeba diski mkononi, kwa sababu hakuna aliyeipima njia kutoka mwanzo hadi mwisho. Kifaa cha kupimia kipo, ni programu inayoitwa perfSONAR, na hakiuzwi: kimetengenezwa kwa pamoja na mitandao ya utafiti ya ESnet na Internet2 ya Marekani na GÉANT ya Ulaya, pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana ili mtandao wowote wa utafiti uweze kupimana na mwingine. Kinachokosekana ni mtu aliyeajiriwa kukitazama kila asubuhi na kumpigia simu mwenzake wa upande wa pili. Mtu huyo hawezi kuajiriwa kwa fungu la umeme na maji.

Marekani yenyewe ilipita hapa tulipo. Mtandao wa NSFNET, uliobeba vyuo vyao, ulifungwa Aprili 1995 na mawasiliano ya kawaida yakaachiwa kampuni za biashara. Mwaka uliofuata vyuo vikuu 34 vilikuwa vimekwisha kukaa pamoja na kuanzisha Internet2, kwa kuwa njia ya biashara haikukidhi kazi zao. Mwaka 1997, kwa fedha za shirika la taifa la sayansi la nchi hiyo, kikafunguliwa kituo cha STAR TAP mjini Chicago. Wazo lake lilikuwa rahisi, na naliona bado ni somo kubwa kuliko yote kwenye fani hii: badala ya kila nchi kuvuta waya wake hadi kwenye mlango wa kila nchi nyingine, wote walete nyaya zao mahali pamoja palipo wazi. Nchi iliyofika Chicago na njia moja ilikuta mitandao ya utafiti ya mabara mengine imeshafika, ikaunganishwa nayo hapo hapo. Baadaye likaja StarLight katika mji huo huo, na NetherLight mjini Amsterdam, na vituo vingine vya aina hiyo. Kwa hiyo mkataba wetu useme waziwazi njia inaishia wapi. Ikiishia kwenye chumba cha kampuni moja, tutalipa tena kila tunapotaka kumfikia mtafiti mwingine. Ikiishia kwenye kituo cha wazi, tunawakuta wote pamoja.

Jiografia nayo isiachwe. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya data za utafiti kati ya Amerika ya Kusini na Ulaya ilizunguka kupitia Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2021 mkongo wa EllaLink ulianza kazi kati ya Fortaleza nchini Brazili na Sines nchini Ureno, na kupitia mradi wa BELLA mitandao ya utafiti ya pande zote mbili ilikuwa imejinunulia sehemu yake humo kwa muda mrefu. Haikusubiri mkongo umalizike ndipo iombe punguzo la bei. Iliingia wakati wa ujenzi, na ahadi yake ya fedha ikausaidia mkongo wenyewe kujengwa. Afrika, kabla ya mikongo ya bahari kuenea, vyuo vingi vilitegemea satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako kwenda na kurudi kwa ujumbe kunachukua kama nusu sekunde, na data za majirani wawili zilikutana Ulaya. Ndipo mitandao ya nchi za mashariki na kusini mwa bara hilo ikaunda UbuntuNet Alliance, na kuanzia mwaka 2011 mradi wa AfricaConnect ukaiunganisha na GÉANT ya Ulaya kwa njia kubwa. Hakuna nchi iliyofanikisha hilo peke yake, wala kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Hapa ndipo sheria ya manunuzi inapotubana. Uwezo wa mkongo huuzwa kwa namna mbili: kukodi mwezi kwa mwezi, au kununua haki ya kutumia kwa miaka 15 au zaidi kwa malipo makubwa ya mwanzo na ada ndogo ya matengenezo kila mwaka. Kwa anayejua kwamba vyuo vyake vitakuwepo miaka 15 ijayo, namna ya pili ndiyo yenye maana. Fungu la matumizi ya kawaida haliruhusu. Linatulazimisha kukodi, kutangaza zabuni upya, na wakati mwingine kubaki gizani katikati ya mkataba uliokwisha na ule ambao haujasainiwa.

Halafu kuna njia ya pili, ya akiba, ambayo huwa ya kwanza kukatwa bajeti ikibanwa. Tarehe 14 Machi 2024 mikongo minne, WACS, MainOne, ACE na SAT-3, iliharibika kwa pamoja karibu na pwani ya Côte d'Ivoire. Miezi miwili baadaye mikongo ya EASSy na Seacom ikakatika siku moja upande wa mashariki wa Afrika Kusini. Aliyekuwa na mikataba miwili na kampuni mbili, huku mikongo yote ikilala kwenye sakafu ile ile ya bahari, alipoteza yote. Tafadhali waagize wataalamu wako wadai ramani ya njia halisi, mpaka mahali mkongo unapoingia nchi kavu. Hesabu ya makampuni haituambii kitu.

Njia ya pili haihitaji tuilipie peke yetu. Mwaka 2013 mitandao sita, ikiwamo Internet2, CANARIE ya Kanada, NORDUnet ya nchi za Nordiki na SURFnet ya Uholanzi, ilishirikiana kuweka njia ya kwanza ya utafiti ya gigabiti 100 kuvuka Atlantiki. Ushirikiano huo umekua, na leo kila mwenye njia yake ni akiba ya mwenzake: mkongo mmoja ukikatika, data zinahamia kwa jirani, na kesho jirani akipatwa analipwa kwa hisani hiyo hiyo. Ili kuingia kwenye mpango wa namna hii lazima nawe uje na kitu mkononi. Mwenye njia ya kukodi ya mwezi mmoja hana cha kuahidi.

Sitasema kwamba mtandao unamaliza kila kitu. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotolewa Aprili 2019, ilitokana na takriban petabaiti 5 (petabaiti moja ni terabaiti 1,000) zilizosafirishwa kwa ndege ndani ya diski, na zile za darubini ya Ncha ya Kusini zilisubiri miezi ya baridi ipite ndipo zikaondoka. Lakini angalia upande mwingine. Data za LHC, mashine ya kugonganisha chembe ya maabara ya fizikia ya CERN, husambazwa kwa mtandao kwenda vituo vya kompyuta takriban 170 katika nchi zaidi ya 40, na wanafizikia wa nchi hizo wanazichambua wakiwa kwao. Darubini za redio za SKA, zinazojengwa Afrika Kusini na Australia, zinatarajiwa kutoa takriban petabaiti 700 kila mwaka kwa ajili ya vituo vya kikanda. Nchi isiyo na njia itayapata matokeo hayo yakiwa yamechapishwa tayari, yakiwa na majina ya wengine. Linaniuma kuliandika, kwa sababu nawafahamu vijana wenye uwezo wa kuifanya kazi hiyo, na nimewaona wakiondoka ili tu wawe karibu na data.

Kampuni za intaneti zisiogope. Mtandao wa utafiti hauuzi huduma mitaani, na masharti yake ya matumizi yanaweza kuandikwa kwenye leseni kwa aya moja.

Mheshimiwa, naomba mambo haya yaingie kwenye makadirio yajayo: njia ihamishiwe fungu la miundombinu ya utafiti, wizara iruhusiwe kufunga ahadi ya miaka mingi, mkataba utaje kituo cha wazi cha kuishia na ramani ya njia mbili zisizokutana, na ajira za wahandisi wa kupima njia hizo ziwe ndani ya fungu hilo hilo. Kabla zabuni nyingine haijatangazwa, naomba pia kikao kimoja kati ya maofisa wako wa manunuzi na wahandisi wa vyuo. Tutakuja na vipimo vya kila siku vya njia tuliyonayo sasa, ili waone wenyewe kilicholipiwa na kilichofika.

Wako mtiifu,
Mhandisi wa mitandao ya vyuo vikuu