Barua ya malalamiko: Mfumo wenu umewaita wanafunzi wangu watoro

Moshi, Kilimanjaro
17 Machi 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: UJUMBE WA UTORO MLIOWATUMIA WAZAZI WA KIDATO CHA PILI B

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa darasa katika shule ya kata hapa Moshi, nina wanafunzi 52. Mwezi uliopita, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, nilijiunga na mfumo wenu wa mtandaoni wa mahudhurio na alama kwa majaribio ya siku 30. Nilitumia kishikwambi kile tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, na bando la kujinunulia. Nilitaka nafuu ya kuita majina na kujumlisha alama, basi.

Jumatano tarehe 12 Machi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimeshaweka alama ya mahudhurio kwa wanafunzi 19, mtandao ukakata. Nikaweka kishikwambi kando, nikachukua chaki, nikafundisha. Kumbe mfumo wenu haukunisubiri. Ilipotimu saa 2:30 asubuhi uliwahesabu wote 33 waliobaki kuwa hawapo, ukawaandikia wazazi wao: "Mwanao hajafika shuleni leo."

Mama mmoja aliacha mitumba yake sokoni Kiboriloni, akapanda bodaboda kwenye mvua ile ile, akafika getini viatu mkononi. Binti yake alikuwa dawati la mbele, anakokotoa hesabu. Alimkumbatia, halafu akanigeukia mimi. Aliyoniambia sitayaandika hapa. Baba mwingine hakuja, alisubiri jioni. Kesho yake kijana wake alifika darasani ana alama za fimbo miguuni, kwa utoro ambao hakuufanya. Nilishindwa hata kumtazama usoni.

Nilipowapigia simu, kijana wenu alinijibu kwa upole kabisa kwamba kosa ni langu, sikukamilisha orodha. Ndugu Meneja, kwenye daftari la mahudhurio nafasi tupu ni nafasi tupu, mwalimu ataijaza baadaye. Mfumo usiojua tofauti ya mtoto asiyekuwepo na mtoto ambaye bado hajaitwa jina haufai kukabidhiwa namba za wazazi.

Mengine ningeyavumilia. Akina Mushi wangu wanne mliwachanganya kwa sababu mnataka majina mawili tu, na sisi tunaandika matatu (uchagani hapa, darasa lisilo na akina Mushi kadhaa ni la kutafuta kwa tochi). Alama 76, ambayo kwa viwango vya Baraza la Mitihani (NECTA) ni A, mliipa C. Hayo tuliyacheka ofisini yakaisha.

Sasa majaribio yamekwisha na nimefungiwa nje. Kila nikifungua naambiwa nilipie kwanza ndipo nipakue mahudhurio na alama za mazoezi nilizoziingiza mwenyewe usiku, moja moja. Majina ya watoto na namba za wazazi wao, hata hivyo, bado mnazo.

Naomba wazazi wale 33 watumiwe ujumbe kutoka namba ile ile, useme wazi kwamba taarifa ya tarehe 12 ilikuwa kosa la mfumo na kwamba watoto wao walikuwa darasani. Nipatiwe kumbukumbu za darasa langu bila malipo. Kisha mzifute zote kwenu na mnithibitishie kwa maandishi. Wazazi walitoa namba zile kwa kuniamini mimi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawapa haki ya kudai zifutwe. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, barua hii nitaipeleka kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa baba wa yule kijana nimeshakwenda mwenyewe kuomba radhi. Ananisikiliza, lakini ujumbe wenu bado yupo nao kwenye simu, na alinionyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa, Kidato cha Pili B

Nakala: Mkuu wa Shule